Mashine ya Usiku

Saa nane, Wamimbi, umeanza tena:
meno juu ya meno, krr, krr,
kama mashine ya Namakwekwe ikisaga bila mahindi.

Daktari wa Mbale alikupa kipande cha plastiki.
Ukakivaa siku mbili, ukakitupia kikombeni.
Kipo dirishani, kinatucheka bila midomo.

Sikuulizi tena habari za deni la ng'ombe.
Nachovya kitambaa katika maji ya moto,
nakikamua, nakukanda taya, upande huu, na huu.

Legea.
Mchana hukumjibu kaka yangu neno;
sasa unalitafuna neno lilo hilo.

Liteme, mume wangu. Au basi
vaa plastiki yako,
mtoto asije akaamka
akadhani kumekucha, unga tayari.