Majirani Sita

Colchani, alfajiri, baridi inayouma masikio.
Mama anafunga chumvi, kilo moja moja,
kwa moto wa mtungi wa gesi:
anakunja mdomo wa plastiki, anaupitisha,
plastiki inalainika, inashikana. Mwingine.
Mimi niko upande wa pili wa karai na daftari langu.
Kesho mtihani wa kemia, na mwalimu Ayaviri hana utani.

Moto ni wa buluu. Vumbi la chumvi likiupitia
unageuka manjano ghafla, kama mtu aliyeitwa jina.
"Hiyo ndiyo sodiamu, mama."
"Mimi naijua kwa vidole," akajibu bila kuinua kichwa.
"Inanipasua tangu hujazaliwa."

Namsomea hata hivyo.
Sodiamu ina elektroni kumi na moja:
mbili ndani kabisa, nane zinafuata,
na moja peke yake huko ukingoni,
kama mgeni asiyefungua mizigo.
Klorini ina saba nje, inaitaka ya nane.
Ya kwanza ukiitia majini inalipuka.
Ya pili ukiivuta inakuunguza mapafu.

"Na hizo ndizo tunazotia kwenye supu?"

Ndizo. Na sizo.
Elektroni ile ikihama, hakuna anayebaki alivyokuwa.
Sodiamu inanywea, ganda lake la nje limekwenda;
klorini inavimba. Si atomi tena, ni ioni.
Halafu tazama hesabu yao ilivyo ya ajabu:
aliyetoa hakupewa alama ya kutoa.
Alama ya kutoa amepewa aliyepokea.
Aliyepoteza ameandikiwa kujumlisha,
anaitwa chanya, jina zuri
kwa mwenye pengo.

Mwalimu aliwachora ubaoni, duara na duara,
mshale katikati, kisha moyo juu yake.
"Wameoana!" Darasa zima likacheka.

Mkono wa mama ukasimama juu ya moto.
Plastiki ikatoboka, chumvi ikamwagika magotini.
Baba alikwenda Calama, kwenye shaba,
mwaka nilioota meno ya pili.
Alichukua redio na blanketi jekundu.

"Endelea," akasema.

Nikafunua ukurasa ambao mwalimu hajaufikia.
Hakuna ndoa humu, mama.
Ndani ya fuwele hakuna huyu na wake.
Kila sodiamu imezungukwa na klorini sita,
mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu, chini,
na kila klorini vivyo hivyo, sodiamu sita.
Aliyeichukua elektroni yake huenda yuko mbali,
huenda hayumo hata katika chumvi hii.
Haidhuru. Hashikwi na yule aliyechukua.
Anashikwa na waliopo.
Ila ukiigonga, safu ikateleza hatua moja tu,
chanya anakutana uso kwa uso na chanya,
hasi na hasi, wanasukumana,
na chembe inapasuka kwa mstari ulionyooka.

Mama akaokota punje moja kwenye sketi,
akaielekeza dirishani, kwenye mwanga mweupe wa jangwa.
Pembe zake zilikuwa kamili, kama imekatwa kwa msumeno.

"Sita," akasema.
Akaanza kuhesabu, si kwangu:
Nemesia, aliyemkopesha mtungi wa kwanza.
Primitiva, wa majani ya koka usiku ule wa homa.
Severo kiziwi, anayepakia mifuko yetu kwanza
kabla ya mifuko ya wenye pesa.
Na wale dada wawili wa kina Lupa,
ambao hawasemezani wao kwa wao
lakini wote wawili huja kukaa naye,
mmoja mlango huu, mmoja ule.

"Hao watano, mama."

Akanisogezea mfuko uliojaa, mdomo wazi.
"Weka daftari. Kunja hapa.
Gesi inaungua bure."