Makadirio

Kwamboka ameketi mbele ya meza yangu,
kofia ya wavu bado kichwani,
unga wa biskuti umemganda kwenye nyusi.
Nje, Lunga Lunga, lori linarudi kinyumenyume
likilia kama kifaranga.
"Nipigie hesabu, mama. Nijue nitashika ngapi."

Mimi ni karani wa mishahara, mwaka wa ishirini na mbili.
Mimba za kiwanda hiki nimezijua
kabla ya mashoga, pengine kabla ya waume:
huanza kama kisanduku kitupu
kwenye daftari la mahudhurio.

Fomu ya bima yasema:
miezi sita ya mwisho, jumlisha,
gawa kwa sita,
twaa sehemu mbili za tatu,
zidisha kwa mitatu ya kulea.
Basi. Haijasema popote pa kuvuta pumzi.

Siku moja, shilingi mia saba themanini.
Septemba kafanya siku ishirini na tano,
Agosti ishirini na sita, Julai vilevile,
Juni ishirini na nne.
Mei, kumi na tatu.
Aprili, kumi na moja.

"Hapa ulikuwa wapi?"
"Vanila," ajibu.

Tanuri namba tatu. Ile harufu
ambayo watoto wa Mukuru huifuata hadi ukutani
wakaivuta kwa pua kama chai ya bure,
yeye ilimkunja nyuma ya stoo ya maboksi
siku ishirini na saba.

Kumbe mwana, hajafika hata ukubwa wa haragwe,
alishatia mkono katika fungu lake
akalimega.

Nilipiga hesabu mbili, moja ya kweli, moja ya kama.
Ya kweli: elfu thelathini na mbili, mia tano.
Ya kama-asingetapika: elfu thelathini na tisa, mia tano na ishirini.
Katikati yake elfu saba na ishirini,
ujira wa siku tisa kamili.
Siku moja kwa kila mwezi wa kubeba.
Hilo sikumwambia.

Yeye alikuwa na hesabu yake, kaiandika kwenye kiganja:
kodi elfu tatu na nusu, mara tatu;
gesi ya mtungi mdogo;
nepi, akaweka alama ya kuuliza;
nauli ya mamake kutoka Nyamira, kuja tu,
ya kurudi Mungu atajua.
"Na akitoka mapema?"
"Daktari alikupa tarehe gani?"
"Kumi na nne Novemba. Lakini alisema ni makadirio."

Makadirio. Daktari anakadiria, mimi nakadiria,
na neno lenyewe limelala kitanda kimoja na kadari.
Uchungu wa mwana aujuaye mzazi;
wastani wake, karani.

Mimi nilipozaa tulipewa miezi miwili,
na likizo ya mwaka ikazamia humo humo.
Nilirudi kazini kifua kikivuja juu ya risiti.
Bosi wa wakati huo aliniuliza nani amemwaga maziwa.

Ndiyo maana nasoma herufi ndogo.
Chini kabisa ya fomu, chini ya mahali pa muhuri:
*siku za ugonjwa zilizothibitishwa na zahanati
zisiingizwe katika wastani.*

"Nani huomba cheti cha kutapika?" akacheka.
"Kitabu cha kliniki unacho?"
Alikitoa sidiriani, kina joto, kimepinda.
Tarehe ishirini na mbili Aprili,
mwandiko wa muuguzi aliyekuwa na haraka:
*Anatapika sana. Apumzike wiki mbili.*
Hakupumzika. Alikuja, akatapika, akafukuzwa getini, akaja tena.
Muhuri umefifia, lakini ukiuelekeza dirishani unasomeka.

Wiki mbili kati ya siku ishirini na saba.
Si zote. Wala sijui ofisini watasemaje.

Nimetoa nakala tatu. Ya kwanza ilitoka nyeusi.
Nimebana pini kwenye ile iliyo safi
na penseli nikafuta thelathini na mbili,
nafasi nikaiacha wazi.

Kwamboka amesimama, mkono kiunoni,
king'ora cha zamu kimelia.
"Kwa hiyo niandike ngapi?" aliniuliza,
kiganja wazi.
"Usioshe mkono," nikasema. "Njoo Alhamisi."