Ngozi Yake Ikoje

Saa moja na robo jioni, Kariobangi.
Nimefunga karakana, miwani ya kuchomelea bado i kichwani,
nimesimama mbele ya rafu ya watoto
kama mtu aliyeitwa barazani bila kuambiwa kosa.

Nasambu aliniandikia nyuma ya kipande cha kalenda:
nepi, namba moja. Sabuni. Mafuta. Dawa ya kitovu.
Neno kitovu akalipigia mstari mara mbili,
ila sabuni hakusema sabuni gani,
na hapa sabuni ni ukoo mzima:
ya maziwa, ya asali, ya shayiri,
ya maua ambayo sijawahi kuyaona yakichanua
popote kati ya hapa na Dandora.

Juu ya kila pakiti kuna mtoto.
Mnene, mashavu maandazi, anacheka kwa ufizi mtupu.
Huyo hajui kwamba kwetu mfereji hukohoa Jumanne,
hutema kidogo Ijumaa,
na kwamba maji ya kumwogesha Nafula
hupimwa kwa kikombe.
Wetu ana siku tisa. Kilo mbili na nusu, pamoja na shali.
Hacheki. Hukunja uso
kama mzee anayesoma bili ya stima.

Nageuza chupa. Nyuma kuna herufi
ndogo kama mayai ya chawa.
Mimi mshono wa chuma huusoma hata gizani, kwa kidole;
naujua ulioshika, naujua uliodanganya juu juu.
Hapa nasoma "laini", nasoma "laini zaidi",
nasoma "imethibitishwa".
Na nani? Hapakuandikwa.

Poda nairudisha. Vumbi nalijua,
linavyoingia kifuani bila hodi
likakaa kama mpangaji asiyelipa.

Ubah, mwenye duka la dawa, amenitazama vya kutosha.
"Ngozi yake ikoje? Kavu? Ina vipele?"
Nami, baba mtu, nikameza mate.

Sijui.

Siku tisa namtazama kutoka kiti cha plastiki,
mikono nimeibana makwapani,
kwa kuwa viganja vyangu ni msasa,
kwa kuwa masizi yamehamia katika mistari yake
na hayana nia ya kuhama.
Mkono mtupu haulambwi, nakubali.
Lakini huu uliojaa,
nani atausogeza kwenye shavu lile?

"Ni ngozi ya kawaida," nasema.
Ubah anatazama vidole vyangu juu ya kaunta.
Hacheki. Anaondoa losheni ya asali,
anaondoa vitambaa vya manukato:
mtoto hahitaji kunukia bustani, asema,
ana harufu yake, msiifunike.
Anabakiza nepi, pakiti ndogo, maana ataongezeka upesi;
dawa ya kitovu; mafuta yasiyonukia chochote;
sabuni nyeupe isiyo na picha ya mtu.
Kisha, juu ya vyote, brashi ya kucha.

"Hii ya nani?"
"Yako. Mtoto huanza kuogeshwa
kwenye mikono ya anayembeba."

Mia sita na arobaini. Nikalipa kwa simu,
nikatembea na mfuko mwepesi kuliko nilivyoogopa.

Nyumbani niliketi mbele ya beseni.
Nasambu hakuuliza kitu, alimimina.
Kikombe cha kwanza kilitoka cheusi,
cha pili chai ya rangi,
cha tatu alisita, akatazama mtungi,
akamimina.
Masizi ya ndani kabisa hayakutoka.
"Hayo ni yako," alisema, "atayazoea,"
akanipa.

Sasa ni saa sita usiku na naandika
kwa mkono mmoja, nyuma ya kipande kile kile cha kalenda:
kavu kidogo vifundoni.
Vipele viwili shingoni, vya joto, nadhani.
Nyuma ya sikio, hapo sina neno.

Kesho nitapitia dukani,
sina cha kununua.
Ubah aliniuliza swali.