Kipimo cha Aliyekaa

Kijana wa dukani alinitazama
kama mtu anayepima mlango kwa macho
kabla ya kuingiza kabati.
"Za kike zinaishia hapa," akasema,
kidole chake kimesimama kwenye lebo
ambayo hata mdogo wangu Torunn, mwembamba kama mshipi,
angeivaa akaomba pumzi.

Akaniletea ya kiume.
Herufi X nne, zimejipanga kwenye kola
kama misalaba ya makaburini.
Nikaivaa. Tumbo lilishukuru.
Mikono ndiyo iliyonikana:
ilivipita vidole, ikaning'inia,
kinga ya kiwiko ikanishukia kwenye saa.
Mimi ni mita moja na nusu na kidogo.
Sikunenepa kwenda juu.

Bergen hatuulizani kama mvua itanyesha.
Tunaulizana imeanza saa ngapi.
Na mimi zamu yangu ni saa kumi alfajiri,
kiwanda cha mikate, ng'ambo ya mlima,
pikipiki ya bluu yenye kilomita nyingi kuliko ndoa yangu.
Miaka sita maji yameingia palepale:
ninapoinama kushika usukani
koti linapanda, suruali inashuka,
katikati kinabaki kiganja kimoja cha mgongo,
wazi, kama dirisha lililosahauliwa.
Mbele, pajani, dimbwi.
Linakaa. Linatafuta zipu.
Linaipata.

Mbele ya oveni suruali yangu ilifuka mvuke
na Eivind akawaita wenzake:
"Njooni, mkate wa kwanza umeiva!"
Nilicheka nao. Nilicheka kwa sauti,
kisha nikaenda chooni kukamua soksi.

Nguo ya kuazima haisitiri matako.
Ya marehemu Baba ilijaribu;
ilipasuka kwenye daraja, upepo ukiwa wa pembeni,
na lori la samaki nyuma yangu likawasha taa zote.

Borghild hashoni nguo.
Anashona vifuniko vya boti, kisiwani Askøy,
banda lake linanuka gundi na kahawa iliyoungua.
Nilimwendea na makoti mawili chini ya kwapa,
nikianza kujieleza, ujuavyo, kwa kuomba radhi:
kwamba nimeanza kutembea jioni, kwamba nimeacha siagi.
Akanikatiza.
"Pikipiki iko wapi?"
"Nje."
"Panda."

Akanipima nimekaa.
Magoti yamekunjwa, mikono mbele, mgongo umepinda
kama ninavyokuwa kweli duniani.
"Dukani wanakupima umesimama," akasema,
"kana kwamba utaendesha umesimama."
Akazitaja namba zangu, kiuno, nyonga, paja,
hakuinua sauti, hakuishusha,
kama anayesoma urefu wa boti.
Namba ambayo sijawahi kumtajia hata daktari
aliiandika ukutani kwa chaki
kati ya simu ya fundi bomba na bei ya uzi.

Kitambaa cheusi kilimwishia.
Ubavuni akaweka pande mbili za njano,
pana, zisizo na haya,
kutoka kwenye kifuniko cha boti iliyouzwa.
Zipu akaihamisha pembeni, mbali na dimbwi.
Kila tundu la sindano akalifunika kwa utepe
na kuupiga pasi, polepole, akihesabu kwa midomo.

Jumatatu ilinyesha mvua ya kulaza nyasi.
Chini ya daraja waendeshaji watatu walijibanza,
wembamba wote, wamevaa vitu vya bei.
Niliwapigia honi. Sikupunguza mwendo.
Pajani dimbwi lilikuja kama kawaida yake,
likapapasa, likapiga hodi,
likamwagika lilikotoka nilipokata kona.

Eivind alinisubiri mlangoni na mzaha wake.
Nilifungua zipu.
Shati lilikuwa na mikunjo ya pasi ya jana.
Akaangalia, akaangalia tena,
akaniuliza, kwa sauti ya chini,
kama huyo mama anashona pia za watu warefu.

Kola inavuja kidogo, upande wa kushoto.
Nilimpigia Borghild.
"Lete Jumanne," akasema. "Njoo umekaa."