Korona

Swali lilitoka dawati la nyuma, kipindi cha saba,
joto limelala juu ya mabati kama mgonjwa,
na Mwanaidi Semkiwa hakunyoosha hata mkono:
"Mwalimu, umetwambia shimo jeusi halirudishi kitu,
nuru ikiingia imeingia.
Basi hiyo redio wanayoipokea inatoka wapi?
Nani anaongea, kinywa kikiwa kimefumbwa?"

Darasa likacheka. Nikafuta ubao
uliokuwa umeshafutwa.

Jumapili nikaazima pikipiki ya shemeji, nikaenda Pongwe kwa baba.
Miaka thelathini na moja aliilisha korona.
Ndivyo tuiitavyo Tanga mashine ya kukwangua mkonge;
jina lilikuja na chuma chake, hatukuuliza maana.
Majani hupanda mkandani, mafungu ya thelathini thelathini,
ngoma inazunguka imevaa visu butu,
jani halipewi nafasi ya kuaga.
Katika kilo mia, nne tu hutoka singa.
Nyingine ni maji ya kijani, makapi, na harufu
inayokaa kwenye shati hadi shati life.

Utotoni, usiku, hatukuiona.
Tuliisikia tukiwa kitandani, maili mbili,
mvumo ukipita juu ya mistari ya mkonge.
Haukutoka kwa jani lililokwisha.
Ulitoka ukingoni, kwenye mzunguko,
kwa kile kilichokuwa karibu kuliwa.

Nikaandika katika daftari la Mwanaidi, wino mwekundu:

Shimo lenyewe ni bubu.
Uzito wa majua bilioni moja umeketi katikati ya galaksi
wala haupumui.
Bali gesi inayolizunguka inasuguana, inawaka,
inaisokota sumaku yake kama kamba pajani,
na sehemu yake haizami: hurushwa nje, ndimi mbili,
mbio zinazoikaribia nuru.
Humo elektroni huzunguka nyuzi za sumaku,
na kila zikipinda, hulia.
Kilio hicho ndicho redio.
Kingine kiliondoka huko kabla jua letu halijawashwa.
Watu husema Tanga waja leo waondoka leo.
Kule waja leo. Wanaoondoka ni wachache,
nao huondoka wakipiga kelele.

Nilijipenda kidogo nilipomaliza.

Jumanne daftari likarudi. Chini ya wino wangu, penseli:
"Nimesoma. Kwasa tisa katika kumi hazivumi hivyo.
Zinanong'ona tu. Hizo je?"

Hizo je.
Niliandika: hatujui.
Wengine wanasema ni nyota zinazozaliwa jirani,
wengine, ndimi zilizodumaa,
wengine, lile wingu la moto lililokaa juu ya shimo,
na wingu hilo, Mwanaidi, wataalamu wanaliita korona.
Nikakaa na neno hilo mpaka chai ikafanya utando.

Baba hasikii tena.
Mashine ilichukua masikio yote mawili na kidole cha shahada,
ikamwachia pensheni ya kununulia sukari.
Saa mbili usiku humwashia redio, taarifa ya habari.
Huiweka kifuani, kiganja juu yake, macho kafumba.
"Huyu mwanamke," husema. Au, "Huyu ana mafua."
Hakosei sana.

Jumapili iliyofuata nikakizungusha kitufe makusudi,
nikaiacha stesheni, nikaingia pale katikati pasipo mtu,
panapochemka kama mafuta yasiyotiwa kitu.
Mengi humo ni radi za mbali, ni nyaya za mtaa,
ni friji ya jirani.
Labda chembe, na chini ya chembe, ni ya kule.
Sikumwambia.

Kiganja kikatulia. Vidole vinne vikasikiliza.
Akafumbua macho, akaniangalia kama mtu aliyedhulumiwa mapumziko:

"Nani kaiwasha korona Jumapili?"