Silinda ya Tatu

Pijo mia nne na nne, rangi ya maziwa yaliyolala,
iliingia Nyakato ikikohoa.
"Inamisi," alisema Bi Nyanzobe, akanikabidhi ufunguo
kama muuguzi anavyokabidhi zamu:
mgonjwa huyu hapa, mimi nimeshachoka.

Mafundi wanne walikuwa wameshaipitia.
Wa Igoma alibadili plagi.
Wa Mabatini alibadili koili, akabadili na bei.
Wa tatu alifungua kabureta, akakuta usubi wa ziwani
umegandamana kwenye jeti kama makapi ya chai,
akashangilia, akalipwa.
Kesho yake ikakohoa palepale.
Wa nne hakufungua hata boneti. Alisema: uza chuma chakavu.

Mimi sikugusa spana. Niliuliza.
Inakosa saa ngapi? Ikiwa ya baridi? Ikipanda mlima?
Bi Nyanzobe akacheka.
"Miaka thelathini na moja, wodi ya Sengerema,
ndivyo nilivyowauliza watu.
Wakanijibu: mwili wote."
Kisha akafikiri.
"Inaumwa ikishuka kivukoni. Asubuhi, kwenye umande,
tk-tk-pu, tk-tk-pu, mpaka Mabatini.
Jua likitoka inapona yenyewe,
nami naonekana mwongo mbele ya mafundi."

Kweli. Saa saba mchana, uani kwangu,
ilinguruma kama isiyo na dhambi:
moja, tatu, nne, mbili,
moja, tatu, nne, mbili.

Basi tukangoja usiku.
Nikaazima kwa kinyozi jirani chupa yake ya kunyunyizia,
nikaipiga injini manyunyu, kidogo kidogo,
mpaka ikakumbuka ugonjwa wake.
Tk-tk-pu.

Nikachomoa waya wa kwanza: sauti ikadondoka.
Nikaurudisha. Wa pili: ikadondoka.
Wa tatu: kimya kilekile, kilema kilekile,
kama kumwita mtu kwa jina lake asigeuke.
Nikazima. Plagi yake nikaihamishia ya kwanza;
ugonjwa haukuhama.
Nikaziba tundu kwa dole gumba, nikazungusha injini kwa hendeli.
Dole likasukumwa.
"Pumzi anayo," alisema Bi Nyanzobe, tochi mkononi.
"Anayo. Rudisha kila kitu. Washa.
Sasa zima tochi."

Umeme ulikuwa umekatwa Nyakato nzima.
Lilikuwa giza la kuokota kwa vidole.
Hapo tukauona: uzi wa buluu, mwembamba,
ukitambaa juu ya kofia ya distributa,
ukitoka nguzo ya tatu, ukiteremka chumani,
moto wa watu ukitoroka kazini.

Ufa. Mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga.
Kukiwa kukavu, hauna neno.
Ukinywa umande, moto unapata njia ya mkato.

"Usipoziba u—"
"Mama, usimalize."

Kofia mpya Mwanza nzima hakuna.
Duka moja walinipa ya Toyota, wakaapa itaingia.
La pili, kijana aliniuliza: Pijo ni pikipiki?
Nikarudi nikaukwangua ufa kwa wembe,
mpaka mzizi mweusi wa masizi ukatoka wote,
nikasafisha kwa spiriti.
Kabula, mjukuu wake, akatoa mkobani rangi ya kucha.
Nyekundu. Tukapaka mara mbili.
Bi Nyanzobe akaipuliza kama uji.

"Hii ni dawa au kituliza maumivu?"
Sikumjibu. Aliijua kazi hiyo kunishinda.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, simu ikaita.
Hakunisalimu. Aliiweka karibu na boneti
nikasikia honi ya kivuko cha Kamanga, muuza mayai,
mtu akigombania chenji,
na chini ya yote hayo:
moja, tatu, nne, mbili,
moja, tatu,
kila ikifika tatu nabana pumzi,
nne, mbili,
moja, tatu,
mpaka salio lake likaisha.