Kinusa-Tochi

Aliingia bandani kwangu, Isevya, jua halijapasha bati.
"Mwangaluka, fundi." Akavua helmeti,
akaweka mezani soksi ya mtoto,
na ndani ya soksi, kidude cheusi
kinene kuliko kiberiti.

"Kinanusa tochi," akanong'ona Mihambo,
kana kwamba trafiki wamelala chini ya benchi langu.
"Nimekipata Kahama kwa dereva wa lori.
Tochi ikiwa mbele, kinalia
kabla haijaniona."

Sikuuliza kama ni halali.
Mimi Nyamizi, fundi waya.
Niliuliza kinakula volti ngapi.

Hakujua. Mita ikajua.
Nikang'oa kiti cha Boksa yake:
harufu ya asali, maana madumu huvuja njia nzima,
na siafu watatu wamekufia juu ya betri.

Wapo wanaochomeka betrini moja kwa moja,
kesho yake mtu anasukuma pikipiki hadi Kiloleni
akiwalaani Wahindi walioiunda.
Mimi umeme nauomba kwa taa ya nyuma:
ufunguo ukilala, na kidude kilale.
Hasi haikai juu ya rangi,
nikakwangua fremu hadi chuma kikatoa meno.
Nikaweka fyuzi, ndogo, ya ampea mbili.
Fyuzi ni mdhamini:
deni likizidi, anakufa yeye.

Waya nikaupitisha chini ya tangi,
mbali na ekzosi, mbali na koili,
nikaufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli
na kuuachia ulegevu pale usukani unapogeukia.
Waya uliobanwa hukatika kona ya kwanza.
Hilo nililijua
kabla sijajua umeme.

Chini ya kidude, kisigino cha kandambili ya bluu
kimeze mtetemo.
Lehemu ikayeyuka, ikang'aa, ikanyamaza.

Tukaenda kukijaribu mjini.
Mbele ya benki, ule mlango wa kioo unaojifungua wenyewe,
kikapiga yowe!
Mihambo akakanyaga breki,
mama wa beseni la karanga nyuma yetu
akatupa matusi mawili ya Kinyamwezi, yamepikwa yakaiva.
Mteja akatoka: yowe. Mwingine akaingia: yowe.
"Kinaiogopa benki," akasema.
"Labda kimesikia mkopo wako," nikasema.
Hakucheka. Boksa bado ilikuwa na marejesho ya miezi saba.

Jumatatu akashika barabara ya Urambo, madumu sita nyuma.
Ilolangulu, afande alisimama ubavuni mwa lori bovu,
hana tochi, hana mashine,
ana macho mawili na filimbi.
Kidude kimya,
kama mgeni msibani asiyemjua marehemu.

Alhamisi alirudi.
"Kitoe."
Nikakitoa, nikakirudisha kwenye soksi.
Zikabaki ncha mbili za waya pale usukanini
zinaangalia hewa.
"Na hizi?"
"Hizi hazijakosa kitu," nikamwambia,
nikazivika selotepu kila moja peke yake,
kama vidole vilivyokatwa na kisu.

Miezi ikapita. Mvua zikaisha, miyombo ikapukutika.
Jana amekuja na uso umevimba jicho moja,
chupa ya asali mkononi, nyeusi, mpya.
Anasema ameunga waya mrefu kwenye ncha zangu,
mwishoni kabalbu kadogo kekundu,
anapanda nako usiku kwenye mizinga ya mjomba wake, porini Ndono.
Nyuki hawaoni nyekundu.
Anawamulika, wao wako gizani.
"Sasa tochi ninayo mimi," akasema.

"Na hilo jicho?"
"Huyu mmoja alinikuta nimeshashuka."

Nikafungua kiti nitazame.
Fyuzi ni ileile.
Siafu ni wapya.